Kijiti cha Ishango na kivuli cha saa sita

Tafuta tawi bichi la mkaratusi, unene wa kidole gumba, likate sentimita 20 na ulitoe maganda. Piga mistari mitatu ya penseli kutoka ncha hadi ncha. Kwenye mstari wa kwanza kata mikato 11, acha nafasi, kata 13, acha nafasi, 17, kisha 19. Mstari wa pili una makundi manane: 3, 6, 4, 8, 10, 5, 5, 7. Wa tatu una manne: 11, 21, 19, 9. Kati ya mkato na mkato acha milimita mbili na nusu hivi, na kati ya kundi na kundi sentimita moja, ndipo vyote vitaenea.

Kisu cha jikoni hakifai. Kinateleza na kupanua mkato, na mikato miwili iliyokaribiana inabanduka kuwa mmoja. Hapo 19 imekuwa 18, na kijiti kimeharibika bila mtu kujua. Kipande cha msumeno wa kukatia nondo ndicho kinachotoa mkato mwembamba ulionyooka. Mti mkavu nao hupasuka kandokando, ndiyo maana tawi liwe bichi. Vijiti sita vinatosha watu ishirini. Kuvitengeneza kunamaliza asubuhi nzima, maana kila kijiti kina mikato 168.

Hiki ndicho kifaa cha kwanza cha kikao chetu cha hesabu cha Jumamosi hapa Goma. Wanaokuja ni wanafunzi, mama wauza sambaza (samaki wadogo wa ziwani), mafundi waashi, vijana wa chukudu (vigari vya mbao vya kubebea mizigo), na walimu wachache wenye hamu. Kikao kimetufundisha jambo moja kuliko yote: ugunduzi wa hesabu haunogi kwa kusimuliwa. Unanoga pale mtu anapokwama mahali palepale alipokwama mgunduzi, kisha akajinasua kwa mikono yake. Historia tunaihitaji sana, lakini tunaihitaji ituonyeshe pa kukwama. Mwalimu akianza na jina, mwaka na jibu, amekwisha kuwanyang'anya watu chakula chao na kuwapa harufu.

Kwa hiyo vijiti vinagawiwa kimya. Swali ni moja: aliyekata hivi alikuwa anahesabu nini? Wape dakika 20, na anayeongoza anyamaze. Dakika tano za kwanza watu wanacheka na kuhesabu kwa ukucha, mmoja anapata 17, jirani yake 16, wanabishana, wanarudia. Ubishi huo uachwe, kwa sababu ndio unaowafanya waamini namba zao wenyewe. Mama wa sokoni huona deni: "Huyu alichukua tatu, akarudi zikawa sita. Yule nne, zikawa nane. Huyu wa kumi amelipa nusu, zimebaki tano." Wavuvi huona siku za mwezi. Wanafunzi hutafuta fomula na mara nyingi ndio wa mwisho kuona kitu.

Baada ya hapo mtu hujumlisha. Mstari wa kwanza ni 60, na wa tatu nao 60, bila kuambiwa. Wa kati ni 48. Kimya huingia, na kimya hicho ni kizuri, msikivunje haraka. Mstari wa tatu ndio unaosumbua zaidi, karibu kila kundi huhitaji msukumo mdogo: "Jaribuni kuzisogeza karibu na kumi na ishirini." Papo hapo vidole vinarudi kwenye kijiti: 10 na moja, 20 na moja, 20 kasoro moja, 10 kasoro moja.

Sasa jina linaweza kuingia. Kijiti hicho ni nakala ya mfupa uliopatikana Ishango, pale mto Semliki unapotoka katika Ziwa Edward, ndani ya mbuga ya Virunga, kaskazini mwetu katika mkoa huuhuu wa Kivu Kaskazini. Mwaka 1950 mwanajiolojia Mbelgiji, Jean de Heinzelin de Braucourt, aliufukua. Mfupa wenyewe ni mdogo, sentimita 10 tu, rangi ya kahawia iliyokolea, na nchani umechomekwa kipande cha jiwe la kwatzi. Mwanzoni ulidhaniwa kuwa wa karibuni zaidi. Vipimo vya baadaye viliurudisha nyuma hadi takriban miaka 20,000. Leo umehifadhiwa Brussels. Watu wa hapa wakisikia hivyo huuliza kwa nini hauko kwao. Ni swali la haki, lisipitwe haraka haraka ili kuwahi hesabu.

Mwaka 1962 de Heinzelin aliandika kwamba mikato ile huenda ni mchezo wa namba wa watu waliojua kuzidisha kwa mbili na kuhesabu kwa kumi. Baadaye Mmarekani Alexander Marshack aliiangalia kwa hadubini na kuona kalenda ya mwezi: 60 inakaribia miezi miwili ya mwandamo, ambayo ni siku 59, na 48 inakaribia mwezi mmoja na nusu. Wako pia wanaosema mikato ilikuwa ya kushikia tu, mkono usiteleze. Kumbe mama aliyeona deni na mvuvi aliyeona siku wamefika kwa nusu saa pale wasomi walipofika na vifaa vyao, na wanastahili kuambiwa hivyo waziwazi.

Kosa tulilolifanya mapema, na ambalo bado tunaliona kwa wengine, ni kukimbilia mstari wa kwanza. 11, 13, 17, 19 ni namba tasa, yaani namba ambazo hazigawanyiki ila kwa 1 na kwa zenyewe, tena ndizo zote zilizopo kati ya 10 na 20. Ukilisema hilo mwanzoni, hakuna atakayeutazama mstari wa kati tena. Kila jicho linaganda kwenye neno moja kubwa. Halafu msichana wa miaka kumi na mbili ananyoosha mkono: "Mwalimu, na hii tisa inafanya nini huku?" Na 21? Zote mbili zinagawanyika kwa tatu. Namba tasa haziwezi kufikiriwa kabla ya kugawanya kufikiriwa vizuri, na makundi manne tu hayatoshi kuthibitisha wazo zito namna hiyo. Kwa maoni yangu, kuzidisha kwa mbili katika mstari wa kati kuna uzito zaidi, na zile namba tasa zimetokea kwa bahati. Najua watu wanapenda kurudi nyumbani na habari kwamba babu zetu waligundua namba tasa. Lakini dai linaloanguka kwa swali la mtoto haliwapi babu zetu heshima yoyote. Mfupa wenye makundi yaliyopangwa, majumlisho mawili yanayolingana, na umri wa miaka 20,000, hauhitaji kuongezewa chumvi.

Swali la yule msichana, hata hivyo, ndilo mlango wa kazi ya pili. Unajuaje kama namba ni tasa?

Hapa Goma hatukosi mawe. Okota kokoto 75 za lava, nyeusi, ukubwa wa punje ya karanga yenye ganda. Chora kwa chaki sakafuni jedwali la miraba 100, kumi kwa kumi, kila mraba sentimita 15, uandike 1 hadi 100. Weka kokoto juu ya 1, maana haihesabiwi kuwa tasa. Acha 2 wazi, kisha funika kila namba ya pili baada yake: 4, 6, 8 mpaka 100. Kokoto 49 zimekwenda. Acha 3 wazi, funika kila ya tatu. Nyingi zimeshafunikwa, kwa hiyo zitatumika 16 tu mpya. Namba 4 imefunikwa, ruka. Acha 5, funika kila ya tano: kokoto 6 tu, kuanzia 25. Namba 7: kokoto 3 tu, juu ya 49, 77 na 91. Kokoto zimekwisha mkononi na miraba 25 imebaki wazi. Hizo ndizo namba tasa zote hadi mia.

Kwa nini tusiendelee na 11? Wengi huendelea, wanaruka 22, 33, 44, wanakuta zote zimefunikwa, wanafika 99 bila kuweka hata jiwe moja. Waacheni wafanye hivyo hadi wachoke. Mara kumi hivi kati ya kumi na mbili, mtu husimama na kusema: 11 mara 2 ilifunikwa na wa mbili, 11 mara 3 na wa tatu; ili 11 ipate kitu chake yenyewe ingebidi tufike 11 mara 11, yaani 121, nayo haipo sakafuni. Aliyesema hivyo ametoa uthibitisho kamili, na hakuna haja ya kuurudia kwa maneno ya kitabu.

Mahali pa kuharibika ni pawili. Kwanza, mtu akihesabu kwa mdomo bila kugusa miraba huruka mmoja, na tangu hapo kila kokoto iko kwa jirani. Dawa ni kutazama umbo: wa mbili na wa tano hushuka kwa safu zilizonyooka, wa tatu hushuka kwa mshazari, umbo likivunjika, kuna kosa. Pili ni 91. Karibu kila mtu huapa kuwa ni tasa, kwa sababu haimo kwenye majedwali ya kuzidisha tuliyokariri shuleni. Ni 7 mara 13. Njia hii ya kuchekecha huitwa chekeche la Eratosthenes, na mtu huyo tunamhitaji tena nje, juani.

Eratosthenes alizaliwa Kirene, katika nchi ambayo leo ni Libya, akawa mkuu wa maktaba ya Alexandria nchini Misri katika karne ya 3 kabla ya Kristo. Ilijulikana kwamba huko Syene, Aswan ya leo, katika siku ya jua refu la Juni, jua la mchana hupita utosini. Siku hiyohiyo Alexandria, upande wa kaskazini, jua liliinama kidogo kutoka utosini, kiasi cha sehemu 1 kati ya 50 za duara. Umbali kati ya miji miwili ulihesabiwa kuwa stadia 5,000. Basi Dunia nzima ni mara 50 ya hapo: stadia 250,000. Kitabu chake mwenyewe kilipotea, habari tumeipata kwa Cleomedes aliyekuja baadaye, na urefu wa stadia moja unabishaniwa hadi leo. Kwa hiyo msiwaambie watu kwamba alikosea kwa asilimia ndogo kadhaa. La kustaajabisha ni njia yenyewe.

Na njia hiyo sisi tunaweza kuirudia kuliko watu wengi duniani, kwa sababu Goma ni Syene yetu. Mji uko digrii 1 na dakika 40 kusini mwa ikweta. Machi 16, na tena Septemba 26 au 27, jua hupita juu kabisa ya vichwa vyetu, na mti uliosimama wima hukosa kivuli. Alexandria yetu ni Lubumbashi, iliyo digrii 11 na dakika 40 kusini. Tofauti ni digrii 10, yaani sehemu 1 kati ya 36 za duara. Ni nani hapa asiyemjua mtu Lubumbashi? Shangazi, rafiki wa chuo, mteja wa zamani, yeyote mwenye simu na subira ya saa moja na nusu juani anafaa.

Bukavu iko karibu na ni rahisi kufika kwa boti, kwa hiyo watu hupendekeza Bukavu. Haifai, na sababu yake inafundisha. Tofauti ya Goma na Bukavu ni chini ya digrii moja. Kwa kijiti cha mita moja hiyo ni sentimita moja na nusu tu ya kivuli. Jua si nukta. Ni duara lenye upana wa nusu digrii, na kwa sababu hiyo ncha ya kivuli haina makali. Ina ukungu wa karibu milimita 9. Ukungu umekula zaidi ya nusu ya unachotaka kupima. Kwa Lubumbashi kivuli ni sentimita 17.6, na ukungu uleule hauna nguvu hiyo tena.

Vifaa ni hivi, na viwe sawa katika miji yote miwili. Ufito ulionyooka wa mita moja kamili kutoka ardhini hadi nchani; ukichimbia sentimita 20, ukate wa mita 1 na sentimita 20. Timazi ya fundi, au uzi na jiwe. Ubao tambarare au sakafu ya saruji iliyopimwa kwa pimamaji, maana ardhi ya lava ya Goma ina matuta na ncha ya kivuli ikipanda tuta moja la sentimita mbili imekudanganya. Chaki au penseli. Futi ya chuma.

Ufito ukiegemea digrii moja tu, kivuli kinakosea karibu sentimita 1.8. Kwa hiyo timazi ishushwe pande mbili, mbele na ubavuni, si upande mmoja. Fundi mwashi akiwapo, mwachieni kazi hii. Ameifanya maisha yake yote na mkono wake haubahatishi.

Kosa kubwa kuliko yote ni kuitazama saa. Watu husubiri saa sita kamili ya simu, wanapima mara moja, wanaondoka. Lakini saa ya simu ni ya mashariki yote ya nchi, jua lina saa yake. Machi 16 jua hufika juu kabisa ya Goma saa sita na dakika 12 hivi. Mwishoni mwa Septemba ni saa sita kasoro dakika 6. Lubumbashi iko magharibi zaidi yetu, kwa hiyo kwao hufika dakika 7 baadaye. Ukipima Goma dakika tano nje ya wakati wake, kivuli ambacho kingekuwa sifuri kimekuwa zaidi ya sentimita 2. Tiba yake ni kusahau saa: anza saa tano na nusu, tia alama ya chaki kwenye ncha ya kivuli kila baada ya dakika tano, endelea mpaka saa saba kasoro robo, kisha tafuta alama iliyo karibu zaidi na shina la ufito. Hiyo ndiyo saa sita ya jua.

Kati ya alama na alama watu huchoka. Hapo tunachora mchangani. Chora mraba na mishazari yake miwili, bila kuinua kidole na bila kupita njia moja mara mbili. Haiwezekani, na watu hujaribu hadi kivuli kinasahauliwa, kwa hiyo mteueni mmoja wa kuchunga dakika. Kisha ongeza paa la pembetatu juu ya mraba, uwe nyumba. Mistari imezidi, na ghafla inawezekana, mradi uanzie kona ya chini. Sababu iko kwenye kona: kila kona unayoipitia huhitaji njia ya kuingilia na ya kutokea, yaani mistari miwili miwili. Kona yenye idadi witiri inaweza tu kuwa mwanzo au mwisho. Mraba bila paa una kona nne zenye mistari mitatu. Paa likiwekwa zinabaki mbili. Mwanahisabati Leonhard Euler alitumia wazo hilohilo kwa madaraja saba ya mji wa Königsberg katika andiko lake la 1736. Na mwanzoni mwa karne ya 20, Mhangaria Emil Torday aliwakuta watoto wa Kibushoong kule Kasai wakicheza mchezo huohuo mchangani, kwa michoro migumu kuliko nyumba yetu. Ukiwaambia hivyo vijana waliokaa juu ya mchanga mweusi wa Goma, kidole bado kimo mchangani, huhitaji kuongeza neno.

Turudi kwenye jua. Machi ni masika, na Septemba mvua zimeanza. Wingu likifunika siku yenyewe, msiache, maana siku yoyote inafaa ikiwa miji miwili itapima mchana uleule. Lakini hesabu inabadilika, na hapa ndipo tumeona makundi mengi yakianguka. Lazima upunguze pembe, si vivuli. Chukua Juni 21. Ufito wa mita moja Goma unatoa kivuli cha sentimita 46.9, Lubumbashi sentimita 70.3. Mtu mwenye haraka hutoa: 23.4. Anachora pembetatu yenye kivuli cha 23.4, anapata pembe ya digrii 13, na Dunia yake inakuwa na mzingo wa kilomita 30,600 hivi. Robo ya Dunia imepotea! Pembe zenyewe ni 25.1 na 35.1, tofauti ni 10 ileile. Kivuli hakikui sambamba na pembe. Kadiri jua linavyoinama ndivyo kila digrii inavyokirefusha zaidi kuliko iliyotangulia. Tunapenda kuwaacha watu wafanye kosa hili mara moja, wapate Dunia ndogo, washangae, kisha wachore pembetatu mbili kubwa ukutani na kuona wenyewe.

Angalia pia kivuli kinaelekea wapi. Kati ya mwisho wa Septemba na wiki ya nne ya Oktoba, jua huwa katikati ya miji yetu: kivuli cha Goma kinalala kaskazini, cha Lubumbashi kusini. Siku hizo pembe hujumlishwa. Ni vivyo hivyo kuanzia baada ya katikati ya Februari hadi Machi 16. Basi anayepima Lubumbashi asitume namba pekee. Atume picha, na dira au neno moja: kusini au kaskazini.

Umbali tunaupata kwenye ramani ya ukutani, kwa futi na kipimo chake cha chini: kilomita 1,120 hivi kwa mstari ulionyooka. Tusitumie barabara, maana barabara inazunguka milima na maziwa. Kwa usahihi zaidi ingebidi tupime kaskazini hadi kusini tu, ambako ni kama 1,105, kwa kuwa Lubumbashi haiko kusini kabisa mwa Goma. Syene nayo haikuwa kusini kabisa mwa Alexandria. Kwa mara ya kwanza tunatumia 1,120 na kuendelea, na anayeuliza kuhusu hilo anapewa ramani akakokotoe upya.

Pembe hatuipimi kwa kipimapembe cha mkebe wa shule. Kile cha plastiki, kidogo, kinakosea digrii nzima mkononi mwa mtu mwenye haraka. Tunakata pembetatu kwenye boksi gumu: upande mmoja mita moja, upande wa kivuli sentimita 17.6, kona yao iwe mraba kamili. Kisha, kwa kamba ya mita moja na chaki, tunachora duara kubwa sakafuni. Ncha kali ya boksi inawekwa katikati ya duara, tunatia alama mbili kwenye mzingo pale kingo zake zinapoukata, tunasogeza boksi hadi alama ya pili, tunatia nyingine, na kuendelea kuzunguka huku wote wakihesabu kwa sauti.

Kila hatua ikiteleza milimita mbili, mwisho wa mzunguko utelezi umefika sentimita saba. Mtu mmoja abonyeze ncha katikati kwa kidole na asiiondoe kabisa, mwingine ashike ukingo wa nje, na alama zitiwe kwa penseli, si kwa chaki nene. Halafu mzunguko urudiwe kwa upande wa pili. Mkizunguka kulia mkapata 35 na pengo, na kushoto mkapata 36 na kipande cha boksi kikapita, jibu liko katikati ya hayo.

Kuanzia thelathini, sauti za kuhesabu hupungua, watu wanasogea na kuinama juu ya pengo lililobaki. Thelathini na nne. Thelathini na tano. Boksi linawekwa mara ya mwisho, na ukingo wake unakaribia kugusa alama ya kwanza kabisa. Mara 36. Mtu anaandika ukutani 1,120 mara 36: kilomita 40,320. Mzingo wa Dunia kupitia ncha zake mbili ni kilomita 40,008, na hapa umepatikana kwa fito mbili, boksi na simu moja ya Lubumbashi.

Kabla hawajatawanyika, huwa kuna anayeuliza: na unene wake je, kutoka huku hadi upande wa pili kupitia ndani? Duara la chaki bado liko sakafuni, lina kipenyo cha mita mbili. Tunalaza kamba juu ya mzingo wake wote, tunaikata, kisha tunaipima kwenye kipenyo. Inaingia mara tatu, na kinabaki kipande cha sentimita 28. Tunakifunga fundo na kukiweka kwenye mfuko pamoja na vijiti, maana Jumamosi inayofuata tunaanza na hicho.